Fundi Viatu wa Stesheni Zote

Mimi sina haya. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kama mtu anavyokwambia yeye hali pilipili. Wenzangu walizaliwa nayo, mimi nilipita mlango mwingine. Nimemwiga mkuu wa shule mbele ya mkuu wa shule, akaniongezea adhabu, nikamwiga anavyoongeza adhabu. Nimemwiga bwana harusi kwenye harusi yake mpaka bibi harusi akasita kidogo. Nikicheka naziba mdomo kwa kiganja, hilo kweli, kwa sababu ya pengo nililolipata kidato cha pili baada ya kubishana na mlingoti wa goli. Lakini hayo ni mazoea tu. Haya ni kitu kingine.

Ndiyo maana Bustani ya Tukutane, ile ya michezo na maonyesho, walinichukua kazini.

"Toa mkono mdomoni, Laurian," alisema Dada Tumpe. "Kinyago kitaiga."

Nikautoa. Dada Tumpe Mwaipopo ndiye mkuu wa chumba cha mafunzo, na hana mzaha na ngozi. Ngozi ni lile vazi jembamba linalokubana kuanzia kisigino hadi utosi. Ukiwa ndani yake, ukipepesa jicho, kinyago, yaani mtu wa mashine aliyekaa kule bustanini, kinapepesa. Ukisema, kinasema, ila kwa sauti yake, siyo yako. Ukirudia mara kadhaa kinakuwa kimeshika, na wewe unaweza kwenda kula. Kitaendelea hivyo mpaka kiyama.

Siku ile tulikuwa tunatia roho Kitongoji cha Stesheni. Ni stesheni ya reli ya enzi za bibi zetu: dirisha la tiketi, kengele, wauza mahindi, treni inayozunguka mlima wa kutengenezwa na kurudi palepale ilipotoka. Ya kwanza imejengwa kwetu Makambako. Hiyo ndiyo stesheni mama. Kila kitu chake kinakaa ndani ya mbegu moja, ukuta, kutu ya reli, hata doa la chai kwenye benchi la pili. Mbegu inapelekwa mji mwingine, mashine za kufinyanga zinakula udongo wa huko na kuinua stesheni ileile. Kiwanja kikiwa kidogo, mbegu inajikunja yenyewe. Lusaka choo kimehamia kulia, Kampala treni inazunguka kinyume. Doa la chai liko palepale.

Na vinyago ni hivyo hivyo. Kinachofundishwa mama, watoto wote wanakipata papo hapo, kama kikohozi cha bwenini.

"Huyu fundi viatu wako amekufa," Dada Tumpe alisema, akiangalia kioo. "Anashona kama mtu anayesubiri kulipwa. Wakubwa wanakuja mchana. Nipe mtu, Laurian. Hiki ulichonipa ni picha ya mtu."

Nilijaribu fundi mlevi. Nikajaribu fundi mlokole. Nikajaribu fundi anayemchukia mkewe, Dada Tumpe akapiga miayo bila kuficha. Jasho likaanza kunitoka ndani ya ngozi, na ngozi haina pa kulipeleka.

Ndipo mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Ukavuta uzi, ukaupitisha kwenye nta, halafu nikaulowesha kwa ncha ya ulimi, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Nikashusha miwani ambayo haikuwepo. Nikaangalia viatu vya Dada Tumpe, nikakohoa kikohozi kifupi cha kuomba radhi, nikasema:

"Mama, kiatu hiki kimekanyaga nini, barabara au dhambi?"

Dada Tumpe alicheka mpaka akashika meza. Mafundi mitambo walitoka vyumbani mwao kuja kuangalia. Nikaendelea, kitu kikanijia chote, mabega, kikohozi, namna ya kugonga nyundo mara moja hewani kabla ya kugonga msumari. Kule bustanini kinyago kiliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina.

"Umemtoa wapi huyu?" Dada Tumpe aliuliza, akifuta machozi.

"Nimemtunga," nikasema.

Nilikuwa sijamtunga. Tulikuwa tumemzika wiki iliyopita.

*

Niseme kidogo jinsi ilivyo kwetu, maana asiye wa huku anaweza kudhani nina kichaa.

Mimi ni Mhehe. Mzee Osmund Ngonyani alikuwa Mngoni, fundi viatu pembeni ya kanisa, na viatu vyote nilivyovaa shuleni vilipita mikononi mwake. Babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki na matusi, na matusi yakageuka undugu. Mngoni akifa, Mhehe haendi msibani kulia tu. Mtani anavaa koti la marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anawabughudhi waombolezaji mpaka aliyekuwa anazimia anajikuta anacheka. Kifo kinatiwa aibu, kinaondoka.

Kwa Mzee Osmund niliitwa mimi. Nilivaa koti lake la kaki lisilo na kifungo cha pili, nikashika nyundo yake, nikapita kati ya watu nikikagua viatu. Nilimwambia padri kiatu chake kimechoka kuliko mahubiri yake. Nikaenda mpaka walipokaa wanawake, pale mjane alipokuwa amejifunika khanga gubigubi, nikasema kwa sauti ya mumewe: "Mama Xave, ukiolewa tena usiolewe na Mhehe. Atamla mbwa wako kabla hajala ugali wako." Watu, wanaojua Wahehe tunavyotaniwa kula mbwa, walicheka hadi jeneza likatulia. Chini ya khanga ile sikuona kitu kikitikisika, nikajua hakusikia, masikini, yuko mbali.

Mwisho nilivua koti, nikalikunja, nikalirudisha. Nikapewa kuku.

Kuku ndiye kufuli. Shangazi yangu, aliyekuwa mtani wa misiba kabla yangu, alinifundisha nikiwa mdogo: utani wa msibani unazikwa na mwenyewe. Ukishapokea kuku, yule mtu humwigi tena. Hata ukiombwa, hata kwenye pombe. Kumvaa marehemu mara ya kwanza ni kumsindikiza, mara ya pili ni kumwita, na anayemwita mfu lazima awe na la kumwambia.

Nilimla kuku yule kwa wali. Alikuwa mnene.

*

Xaveria alinipigia baada ya stesheni ya Lusaka kufunguliwa. Ni binti pekee wa Mzee Osmund. Tulisoma naye darasa moja na yeye ndiye aliyecheka wa kwanza nilipogongana na mlingoti. Anafanya kazi Lusaka, na msibani hakufika kwa sababu mvua ilikuwa imebeba daraja.

"Lau," alisema. Nyuma yake kwenye simu niliiona kengele ya stesheni. "Nipo na baba."

Nikaisogeza simu karibu na macho.

"Nimekuja na watoto wa jirani kupanda treni. Nimekuta amekaa pale, analamba uzi. Lau, analamba uzi. Nimekaa mbele yake na viatu vyangu vya kazini, ameniuliza nimekanyaga barabara au dhambi." Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, na vyote viwili vilikuwa vinamtoka puani. "Sikumzika. Nilidhani sitamwona tena. Wamempataje? Wewe uko huko ndani, lazima unajua."

Hapa ndipo mtu asiye na haya angesema ukweli, akaongeza na kichekesho. Mimi nilisema:

"Nasikia walipita mitaani zamani wakirekodi mafundi. Labda alikuwemo."

"Hakutuambia."

"Unamjua baba yako. Angeanzia wapi?"

"Kweli," alisema Xaveria. "Angeona ni majivuno." Akageuza simu ili nimwone vizuri. Kinyago kiliinua macho juu ya miwani, kikakohoa kile kikohozi. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu na kandambili, nikazirudisha chini ya kiti.

*

Siku mbili tatu baadaye mama yake akaanza kuja.

Mama Gaudensia, yule mjane mwenyewe, alikuwa anafika bustani ikifunguliwa, na kikapu na mwavuli, anakaa kwenye benchi la pili, lile lenye doa la chai. Hapandi treni. Hanunui kitu. Wageni wanakuja, wanatoa viatu vyao, fundi anawatania, wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka. Yeye yupo. Wahudumu walianza kumletea maji.

Nilikuwa napita nyuma, njia ya mafundi mitambo, ili tusikutane. Mtu mzima na ndevu zangu, napita kwenye mabomba kama panya, kwa sababu ya mama mmoja mwenye mwavuli. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuwahi kazini.

Dada Tumpe hakuchukua muda kujua. Aliniita, akafunga mlango.

"Kumbe ni mtu."

"Alikuwa mtu."

"Uliniambia umemtunga."

"Dada, wote huwa tunaanzia kwa mtu."

"Tunaanzia, hatuishii hapo." Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikiliza. Lusaka na Kampala zilikuwa za majaribio, Ijumaa mbegu inafungwa. Ikishafungwa haifunguliwi, na Stesheni inakwenda kila mji ulioomba, mpaka Masqat kule Omani. Familia ikikubali, mjane anaweka kidole kwenye kibao, fundi wako anabaki, na jina lako linaandikwa kwenye mbegu kama mtia roho. Isipokubali, namtoa leo leo, naweka muuza karanga. Uamuzi ni wao. Wewe ndiye unayewafahamu. Nenda."

Jina langu kwenye mbegu. Unajua maana yake? Makambako nzima hakuna kijana ambaye jina lake limefika hata Mbeya bila kutafutwa na polisi.

Nikaenda. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mhehe. Nilidhani umehama mji."

"Kazi nyingi, mama."

"Naona. Mabomba nayo yanataka kutazamwa." Akanipa kipande cha chungwa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashindwa kukila. Nikamweleza habari ya Ijumaa, mbegu, miji, kidole. Sikueleza ngozi. Nilisema "hao waliomrekodi" kama mtu anayezungumza habari za wageni.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni jambo zuri au baya?" aliuliza.

"Xaveria amefurahi."

"Xaveria hakuzika. Nakuuliza wewe."

Nikasema mimi ni mfanyakazi tu. Akaendelea kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Basi sitakujibu wewe," alisema. "Ni mwili wake na sauti yake. Kesho nitamuuliza mwenyewe. Xaveria naye atakuwa mbele ya yule wa Lusaka, tusikilize pamoja. Atakavyosema Osmund, ndivyo nitakavyoweka kidole."

"Mama, hiki ni kinyago. Kinajua viatu tu. Ukikiuliza jambo jingine kitakwambia soli imeisha."

"Nimeishi naye miaka yote hiyo," alisema Mama Gaudensia. "Unadhani alikuwa ananijibu nini?"

*

Kesho yake nilivaa ngozi bila ruhusa.

Dada Tumpe alikuwa na wakubwa. Chumba cha mafunzo kilikuwa kitupu, mitambo ikivuma. Nilifungua njia ya mafunzo ya fundi viatu, nikakaa kwenye kigoda, na kule bustanini nikafumbua macho. Kupitia miwani ya fundi nilimwona Mama Gaudensia benchi la pili, simu ameiegemeza kwenye kikapu. Ndani ya simu alikuwepo Xaveria, na nyuma ya Xaveria fundi mwingine, wa Lusaka, aliyeinua kichwa pale pale nilipoinua changu.

Hili nilikuwa nalijua. Njia ya mafunzo ikiwa wazi, watoto wote wanafuata. Lakini kuna kujua na kuna kujua. Nilikuwa na jambo moja kichwani: niseme hapana. Niseme kwa sauti yake, mara moja tu, Mama Xave nimechoka, nipumzisheni, halafu nivue, na siri iende na yeye. Ingekuwa uongo, lakini uongo wa kumrudisha alikotoka. Nilijiona mtu mwema kabisa. Karibu nijipongeze.

Alisogea mpaka kwenye kigoda cha wateja, akavua kiatu kimoja, akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kiatu cheusi cha kanisani. Nilikijua. Nilikuwa nimekikagua msibani.

"Osmund," alisema. Hakupaza sauti. Wageni waliokuwa karibu walisogea, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. "Hawa watu wanataka kukupanda. Masqat, sijui wapi. Utakaa huko na kushona viatu vya watu usiowajua, na mimi nikifa utakuwa bado unashona. Wewe unasemaje?"

Nililowesha uzi. Nikakohoa.

"Mama Xave," nikasema, na sauti ya Mzee Osmund ikatoka, ile ya kukwaruza. Kwenye simu Xaveria aliziba macho. "Kiatu hiki..."

"Sikuuliza kiatu."

Nikagonga nyundo hewani. Hapana ilikuwa ipo, ilikuwa imefika mpaka kwenye meno. Halafu nikawaona wale wageni, wamesimama nusu duara, midomo wazi, wananitazama mimi. Wengine walikuwa wameanza kufuta macho. Sijawahi kutazamwa vile. Nikafikiria Masqat. Nikafikiria jina langu ndani ya mbegu, likiota udongoni kila mahali.

"Nipandeni," nikasema. "Mimi ni fundi. Palipo na miguu ndipo kwetu."

Watu walipiga makofi. Mle ndani ya ngozi uso wangu uliwaka moto kuanzia shingoni, na nikaelewa kwamba hiki ndicho walichokuwa nacho wenzangu siku zote. Ndiyo hii sasa. Iko hivi.

Mama Gaudensia alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea alichokuwa anakitegemea. Akachukua kiatu chake, akakivaa. Nilidhani anakwenda kuweka kidole. Akainama, akaniambia kwa upole:

"Sawa, baba. Nenda. Ila huko Masqat uwaachie watu mbwa wao."

Nilicheka.

Sikufikiri. Mtani akikurushia hilo, ukiwa Mhehe, kicheko kinatoka kabla yako. Nilishalirusha mwenyewe mara ngapi na kurushiwa mara ngapi. Lilinipata katikati ya mbavu, nikacheka kwa moyo wote, na kiganja changu cha kulia kikapanda na kuziba mdomo.

Mbele ya benchi la pili, Mzee Osmund Ngonyani, ambaye alikuwa akicheka kinywa wazi mpaka unahesabu magego, aliziba mdomo kwa kiganja. Ndani ya simu, nyuma ya bega la Xaveria, fundi wa Lusaka naye aliziba.

Xaveria aligeuka kumtazama yule wa kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya kiganja kile kidato chote cha tatu na cha nne.

"Lau?" alisema.

Nikashusha mkono. Vinyago vikashusha mikono.

"Siku ile nilifunika uso," Mama Gaudensia aliniambia. "Masikio sikuyafunika. Osmund hakuwahi kuniambia habari za mbwa maisha yake yote, aliyezisema ni wewe. Nimekuja hapa kila siku nikisubiri aliyemvaa aje kumvua. Nikasema ni kijana, ataona mwenyewe, atakuja. Ukawa unapita kwenye mabomba." Akaingiza mkono kikapuni. Akatoa koti la kaki, lisilo na kifungo cha pili, limekunjwa vilevile nilivyolikunja mimi. Akaliweka mapajani mwa kinyago. "Kuku wangu ulimla?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilitaka nimjibu kwa sauti yangu, hii mbovu yenye pengo, angalau hilo. Lakini ngozi haijui hilo. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mumewe, mbele ya watu wote, Makambako na Lusaka na kule treni inakozunguka kinyume:

"Nilimla, mama."

Wageni walicheka na kupiga makofi tena. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya miwani, moja kwa moja, mpaka nilipo.

"Toka huko nikuone," alisema.